Sauti Niliyoituma kutoka Sumbawanga

Wenzangu, tangu nishuke kwenye basi hapa Tanga sijapata nafasi ya kunyoosha miguu. Kila anayeingia uani kwangu anavua viatu, anakaa mkekani, anapokea chai, halafu anasogea karibu na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Ehe, Mama Rehema, hebu tuambie. Uliwaona?"

Anauliza wachawi. Haulizi mjukuu wangu anafanana na nani. Haulizi binti yangu amepona vipi, wala nilikula nini na nilikaa na nani miezi mitatu. Bi Saumu ameshaniuliza mara mbili, na mara ya pili alikuja na dada yake ili naye asikie.

Nimechoka kusimulia kipande kipande, maana kila nikikaribia pale ninapotaka kufika, mtu ananikatiza kwa kicheko. Kwa hiyo naandika yote mara moja. Mengi yatawaudhi. Na mimi yameniudhi, tena wa kwanza kuniudhi ni mimi mwenyewe.

Tanga hadi Mbeya

Sababu ya safari mnaijua. Rehema anafundisha sekondari Sumbawanga. Mumewe, Abdul, anafanya kazi bandarini Kasanga, huko Ziwa Tanganyika, na anapanda mjini Jumamosi tu. Rehema akajifungua mtoto wake wa kwanza, Salha, na hana mtu wa kumkanda wala kumpikia. Aende nani kama si mama yake?

Mnakumbuka mlivyoniaga? Bi Saumu aliniletea chumvi ya mawe imefungwa kitambaani. Mwingine akaleta mvuje wa kumfunga mtoto mkononi. Nikaambiwa nisile kwa mtu, nisimpe mtu mkono, nisiruhusu mtu amsifie mtoto. Nilipokea vyote na kuvipanga juu kabisa ya begi, nisije nikahangaika kuvitafuta.

Ndani ya basi kondakta akaniuliza ninaishia wapi. Nikamwambia Mbeya, kisha naunganisha Sumbawanga. Akapaza sauti basi zima lisikie: "Jamani, bibi huyu anakwenda chuo kikuu cha wachawi! Bibi, si ungepanda ungo tu? Ungo hausimami mizani!"

Basi zima likacheka. Nami nikacheka, tena kwa nguvu.

Tulipopita Mikumi mkanda wa injini ukakatika. Tulishuka tukakaa kando ya barabara, jua linawaka. Fundi akaja kwa pikipiki na mkanda ambao haukuwa saizi yake, akaondoka kwenda kutafuta mwingine. Maji yakatuishia, watoto wakaanza kulia, na utani wote ukageuka. Kondakta, jasho linamtiririka, akasema, "Nilijua mimi. Tumebeba mtu wa Sumbawanga."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama mmoja tuliyekuwa tumekaa naye kivulini akamnyanyua mwanawe na kuhamia upande wa pili wa basi.

Nilipandwa na hasira mpaka mtandio ukanidondoka. Nikasimama, nikamwambia yule kondakta, "Unikome! Mimi mtu wa Ngamiani, Tanga, sihusiki na mambo yao!"

Hayo ndiyo maneno yaliyonijia. Sikumwambia kwamba mkanda umekatika kwa sababu ni mkuukuu. Nilichotaka ni kila mtu ajue kwamba mimi si wa kule, basi. Nimeyafikiria sana maneno yale tangu siku ile.

Tunduma hadi Sumbawanga

Nilipumzika Mbeya, na asubuhi nikapanda basi jingine. Tunduma tukakwama kwenye foleni ya malori yanayovuka mpaka kwenda Zambia. Tulisimama mpaka nikamjua kila mchuuzi wa dirishani na alichobeba.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mfanyabiashara wa maharage, anarudi kwao Laela. Akafunua kapu lake: viazi vitamu vya kuchemsha, bado vinatoa mvuke, na karanga. "Karibu, mama. Safari ndefu hii."

Tumbo langu lilikuwa linanguruma na nina hakika alilisikia. Nikamwambia, "Ahsante, nimefunga."

Akaitikia kwa heshima, akalifunika kapu. Hata yeye hakula, kwa ajili yangu. Baada ya saa moja hivi njaa ikanishinda. Nikanunua biskuti na soda dirishani, nikala nimegeukia kioo kama mwizi. Nilipogeuka, alikuwa ananitazama.

"Umefuturu mapema, mama," akasema taratibu. Kisha akafunua kapu lake akaanza kula. Alipofika Laela alishuka, akanitakia safari njema kama vile sikumfanyia lolote.

Kutoka pale nchi ikawa wazi: nyasi, mabua ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, ng'ombe, vijisitu vya mikaratusi, na upepo. Nilidhani dirisha limeachwa wazi. Halikuwa wazi. Abdul alikuwa ameomba ruhusa kazini ili anipokee stendi, na mkononi alishika koti zito. "Shikamoo, mama. Vaa hili kwanza, habari baadaye." Nilikuwa na dera na ndala. Meno yaligongana mpaka nyumbani.

Mlangoni kwa Rehema

Jioni ile Rehema akaniambia habari za majirani. Nyumba inayofuata, ya matofali ya kuchoma, anakaa Mama Kasiani, mjane aliyenizidi umri kidogo, muuza uji karibu na lango la soko. Nilisikia nusu tu, nilikuwa nimemshika Salha.

Alfajiri iliyofuata nikafunua pazia. Mwanamke aliyejitanda kitenge cheusi alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango wetu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa anapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa, huku ananong'ona kwa lugha nisiyoijua. Akainua uso akanitazama moja kwa moja. Kisha akaweka kizingitini kifurushi cha kitambaa kilichopigwa fundo, akajitwika sufuria, akaondoka kuelekea sokoni.

Nilisoma kila dua niliyoijua. Nikamwaga nusu ya chumvi ya Bi Saumu, nikakiinua kile kifurushi kwa kijiti, nikakitumbukiza chooni. Halafu nikakaa jikoni, nikafungua kundi letu la kwenye simu, nikarekodi. Sina haja ya kuwakumbusha nilichosema, maana mnakijua kwa moyo: "Wenzangu, yamenikuta. Sijamaliza hata siku mbili. Jirani huyu, mwanamke wa uji wa pale sokoni, mwenye macho mekundu, amekuja alfajiri kumwekea mtoto mchanga vitu mlangoni. Nimemwaga chumvi, nimetupa chooni. Niombeeni."

Rehema alipoamka akauliza, "Mama, Mama Kasiani hajaleta unga?"

"Unga gani?"

"Wa ulezi. Ananisagia wa uji wa uzazi. Ananiwekea mlangoni akipita kwenda sokoni, asiniamshe."

Akaniangalia. "Mama. Unga uko wapi?"

Nilipomweleza, alishika ukuta. "Umetupa chakula changu chooni?"

"Alikuwa ananuiza, Rehema. Anapiga makofi, ananong'ona."

"Alikuwa anakusalimia! Wazee wa hapa wakimpa mtu heshima wanachuchumaa na kupiga makofi. Alikuona dirishani. Mtu aliyekuzidi umri amekuchuchumalia kwenye baridi lile, na wewe ukamfungia pazia!"

Nilitaka kuifuta ile sauti. Nilifungua simu kwa nia hiyo hiyo. Lakini nikakuta mmeshajibu, mmoja baada ya mwingine: funga milango, tuko nawe, pole shoga, tuambie yanaendeleaje. Sitawadanganya, niliona raha. Sijawahi kujaliwa na watu wengi namna ile kwa wakati mmoja. Nikaiweka simu chini, nikaenda kuosha nepi.

Benchi la uji

Wiki mbili nilijifungia ndani. Ya tatu Rehema akanitoa kwa maneno matamu: nenda kajinunulie sweta. Nikiwa napita karibu na lango la soko nikaitwa. "Mama Rehema! Njoo upate moto!"

Mama Kasiani alikuwa na sufuria kubwa juu ya mafiga, kibanda cha bati mgongoni, na mbao mbili za kukalia. Nilikaa kwa sababu nilikuwa nimeganda, si kwa wema. Akanimiminia uji wa ulezi kwenye kikombe cha bati, mzito, wa kahawia, umesagiwa karanga. Nikauliza kama una tui la nazi.

Benchi zima likanigeukia. "Tui?" akauliza Desderi, mtu wa makamo anayepakia mizigo kwenye maghala ya mahindi. "Bibi, sisi nazi tunaijua kwa picha ya darasa la kwanza."

Nikacheka. Nikanywa. Nikaomba kikombe cha pili.

Tangu siku ile, Salha akishaoga na kulala, nilikuwa natoka. Haya ndiyo niliyotamani kuwasimulia, na ndiyo msiyotaka kuyasikia. Asubuhi watu wa Sumbawanga wanaota jua. Upo ukuta mmoja nyuma ya soko ambako wanawake wanakaa wameuegemea, na jua likisogea nao wanasogea, bila kuambizana, mazungumzo hayakatiki. Nilisogea nao. Nilifundishwa kutofautisha maharage mapya na ya mwaka jana kwa kuyauma. Muuza mitumba alikuwa ananitengea masweta, anayaita "ya bibi wa pwani", na nikipita bila kununua ananiuliza nimemkosea nini. Jumamosi samaki wanapanda kutoka Kasanga. Abdul alileta migebuka, na nisipomngoja nilinunua kwa mama mmoja anayewakaanga mpaka mifupa inatafunika. Jumapili kengele za kanisa zikilia mji mzima unavaa vizuri. Nilikaa kwenye baraza na kusikiliza kwaya mbili kwa mpigo, moja kila upande. Ijumaa nilikwenda msikitini, na wanawake wa pale walinigombania nani anichukue kwake kula.

Mchele wa kule bondeni, Ziwa Rukwa, ni mzuri. Nikaanza kupika vitumbua kwa maziwa badala ya tui, nikavipeleka benchini. Desderi alikula vitatu akasema havina ladha, akachukua cha nne.

Siku moja nikathubutu kumuuliza Mama Kasiani kuhusu macho yake.

"Moshi," akasema. "Miaka ishirini na kitu na sufuria hili. Yako yamefanya kazi gani?"

Akaendelea kukoroga, halafu akaniuliza, "Ule unga niliokuletea siku ya kwanza, ulifaa?"

"Ulikuwa mtamu," nikamwambia. "Rehema aliumaliza wote."

Akafurahi. Niliona alivyofurahi.

Sauti yangu sokoni

Ulipopita mwezi mmoja na nusu tangu nifike, wateja wakaanza kupungua. Mama Kasiani akasema labda wamehamia kwenye chai. Mama mmoja aliyekuwa akija na chupa kila siku alifika, akasimama mbali, akageuka. Mtu alimtilia majivu kwenye sufuria alipokwenda kuchota maji. Alilimwaga sufuria zima, akaanza kupika upya. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilizunguka soko zima nikiwauliza watu wana roho gani.

Asubuhi iliyofuata nilikuja na bakuli la vitumbua. Benchini alikuwapo Desderi na wenzake wawili. Mwenye duka la vipuri mkabala na sisi alikuwa mlangoni kwake, simu mkononi, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Nikasikia ngoma. Nikasikia bundi. Mtu alikuwa ameviongezea, kama kwenye filamu. Kisha nikasikia: "Wenzangu, yamenikuta."

Mnajua ninavyoongea. Sumbawanga nzima hakuna mtu mwingine anayeongea hivyo. Desderi alikuwa wa kwanza kunigeukia, kisha wale wawili, kisha mwenye duka mwenyewe, mdomo wazi.

Mama Kasiani hakuacha kukoroga. Alisikiliza mpaka kwenye chumvi, mpaka kwenye choo. Ilipokwisha akasema, bila kunitazama, "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Unga wangu uliutupa chooni."

"Niliutupa."

"Uliniambia ulikuwa mtamu."

Bakuli lilikuwa bado mikononi mwangu. Sikujua pa kuliweka.

Kabla ya adhuhuri akaja kiongozi wa soko, mtu mpole, mwenye kofia ya sufu. "Mama Kasiani, jipumzishe kidogo mpaka hali itulie. Sitaki ufanyiwe vurugu hapa."

Nikamrukia. "Kwa nini apumzike yeye? Si umpumzishe mwenye simu?"

Akanitazama kwa utulivu. "Na wewe uliyerekodi, mama, nikupumzishe wapi?"

Nilimchukia mtu yule. Nilimchukia kwa sababu hakukosea.

Mama Kasiani aliosha vikombe vyake kimoja kimoja. Kesho yake mlango wake ulikuwa na kufuli. Wapangaji wake wakasema amekwenda Kaoze, bondeni, kwa kaka yake.

Nikampigia Bi Saumu. "Shoga, ile sauti ulimtumia nani?"

"Dada tu," akasema. "Na kundi la arusi ya Mwajuma. Na wale wa Dar. Si ulitaka uombewe?" Kisha akacheka. "Kumbe umekuwa maarufu!"

Bi Saumu, nilikata simu. Sasa unajua kwamba si mtandao uliokatika.

Kushuka Kaoze

Rehema aliniambia, "Utakwenda kumwomba radhi, na sitakusindikiza." Desderi, ambaye kwa siku mbili hakunijibu salamu, ndiye aliyenitafutia nafasi kwenye lori linalofuata mpunga bondeni. Aliniambia tu, "Kaa mbele, nyuma kuna vumbi." Nikapanda mbele.

Barabara inateremka milima ya Lyambalyamfipa kwa kona zilizopindana, na dereva alilazimika kusimama mara mbili breki zipoe. Juu nilivaa masweta mawili na koti. Kadiri tulivyoshuka nilivua moja moja. Chini, jua lilikuwa lile la kwetu, na nikaona kwa mbali ziwa Rukwa linameta.

Breki zilipokuwa zinapoa mara ya pili, abiria waliokuwa nyuma wakashuka kunyoosha miguu. Bibi mmoja akawaambia wenzake, "Mmeisikia ile ya bibi wa Tanga? Wametuvua nguo kweli. Mjukuu wangu anasoma Dodoma, ameniambia shuleni wanamwita mtoto wa wanga."

Ningeweza kunyamaza. Nilitamani kunyamaza. Nikasema, "Bibi wa Tanga ni mimi."

Hakuna aliyenitukana. Ningependelea wangenitukana. Yule bibi alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akapanda lori.

Nilimkuta Mama Kasiani anapukuchua mahindi uani kwa kaka yake, Mzee Wenseslaus. Nikachuchumaa, nikapiga makofi kama nilivyomwona akifanya.

"Acha," akasema. "Unafanya kama unaua mbu."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya lipi? Ya kunisema au ya kunidanganya?"

"Yote mawili."

Akaendelea kupukuchua. "La kunisema nalielewa. Ulikuwa hunijui. La kunidanganya, ulikuwa umeshanijua."

Nililia, na hakunibembeleza. Kaka yake akasema, kwa sauti ya chini ambayo iliniumiza kuliko kelele, "Wewe mama ni mtu mzima. Neno hilo ukimtupia mwanamke mzee, unajua watu huwa wanamfanya nini? Au kwenu Tanga ni kichekesho tu?"

Kwetu Tanga ni kichekesho tu, wenzangu. Sikuwa na uso wa kumjibu hivyo.

"Umekula?" akauliza Mama Kasiani.

"Sijala."

Akaleta ugali na perege wa ziwani, akaniwekea mimi na yeye sahani moja. Nilikula mpaka mwisho. Hapo ndipo aliposema kwamba angerudi. Kaka yake akakataa, akamwambia abaki, shamba lipo, chumba kipo.

"Nilianza kupika uji pale kabla lango la soko halijajengwa," akamjibu. "Niondoke kwa ajili ya simu?" Kisha akanigeukia. "Sirudi kwa sababu yako. Ila nikirudi utakaa nami benchini. Na watu wakiuliza, utajibu wewe. Mimi sina la kujibu."

Wiki nne za mwisho

Nilikaa. Kuanzia sufuria linapotengwa mpaka vikombe vinapooshwa, kila siku. Waliouliza niliwajibu: "Sauti ni yangu. Nilisema nisilolijua. Ulikuwa unga wa ulezi." Mwenye duka la vipuri akavuka barabara kwa makusudi aje aulize, "Sasa tuamini sauti ipi, ya kwanza au ya leo?"

"Usiniamini mimi," nikamwambia. "Kaa, unywe." Hakukaa.

Siku ya nne Rehema alikuja amembeba Salha. Alimfungua mtoto mgongoni, akamlaza mapajani mwa Mama Kasiani mbele ya soko zima, kisha akachukua kikombe na kukaa. Mama Kasiani alimtazama mtoto, akavuta shuka kumfunika miguu, akaendelea kukoroga kwa mkono mmoja. Wanawake wawili wa kule ukutani wakasogea na vikombe vyao. Desderi akaja na wapakiaji wenzake. Kiongozi wa soko alikunywa kimoja amesimama, akaondoka, na habari za kupumzika hazikutajwa tena.

Karibu nusu ya wateja hawakurudi. Wanapita, wanaangalia chini.

Na sauti ya pili niliirekodi pale pale benchini, makelele ya soko yanasikika, nikaituma kundini. Nilisema wazi kwamba nilikosea, nikamtaja mama huyu kwa heshima, nikawaomba kila aliyeituma ya kwanza aitume na hii. Mnakumbuka mlichojibu? Mmoja aliweka vikaragosi vya kucheka. Na Bi Saumu akaandika: "Jamani, tumuombee. Wameshamroga, wanamlazimisha kusema."

Nilikaa nikaisoma sentensi ile mpaka uji ukanipoa mkononi. Nikisema baya juu ya yule mama, ninaaminiwa mpaka Dodoma. Nikisema kweli, nimerogwa. Niambieni basi, nilipaswa kusema nini ili mniamini?

Mama Kasiani aliniona nimebadilika uso. "Wanasemaje?" akauliza.

Hapo nilikuwa nimeshajifunza. Nikamsomea kama ilivyoandikwa. Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akasema, "Kunywa, unapoa."

Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi stendi. Hatukukumbatiana. Alinishika mkono muda mrefu, akasema, "Fika salama, Mama Rehema," akarudi kwenye sufuria lake maana lilikuwa motoni.

Sasa mmesoma. Tangu nirudi nimewaomba, mmoja mmoja, mtume sauti ya pili kule kote mlikotuma ya kwanza. Waliofanya hivyo ni wawili, na mmoja nilimshikia simu mwenyewe. Wengine mnaniambia mambo yameshapita, watu wameshasahau, nisijiumize.

Jana Rehema alinipigia. Asubuhi mwanamke mmoja, mgeni, kavaa vizuri, alishuka kwenye basi linalokwenda Mpanda, akauliza njia hadi kwenye benchi. Hakununua uji. Aliinua simu akampiga Mama Kasiani picha, tatu au nne, kwa karibu.

"Picha ya nini, mwanangu?" Mama Kasiani akamuuliza.

Yule mgeni alishusha simu. Alirudi kwenye basi, na Rehema anasema alikuwa anakimbia.